Uzi kwenye Chupa

Mama alikuwa na chupa nyeupe ya mafuta ya taa iliyokaa kwenye kichanja cha jikoni. Tumboni mwa chupa alifunga uzi mwekundu, na kila asubuhi aliuteremsha mpaka usawa wa mafuta yaliyobaki. Siku za kawaida uzi ulishuka upana wa ukucha. Baada ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ulishuka kidole kizima, na mama alinionyesha hata bila kugeuka kutoka mekoni: "Mwalimu, darasa lako limekunywa hadi hapo."

Ilikuwa 1974, kisiwani Ukerewe, katika kijiji cha mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Nansio. Nilikuwa na miaka 15. Mwaka uliotangulia nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na kama wenzangu wengi nikarudi kwenye jembe. Jioni moja mwalimu mkuu alikuja nyumbani, akakaribishwa kigoda, akasema darasa la kisomo cha watu wazima limekosa mwalimu. Kijana aliyekuwa akilifundisha alikuwa amepanda meli kwenda Mwanza kutafuta kazi na hakuonekana tena.

"Huyu binti anajua kusoma vizuri," alisema, "na anakaa bure."

"Hakai bure," baba alijibu. "Anapalilia pamba."

Wakacheka wote wawili. Walipomaliza kucheka mimi nilikuwa nimeshatolewa. Mpaka leo nikisikia fulani amejitolea, huwa nauliza kimoyomoyo: amejitolea, au ametolewa?

Wenye umri wangu watakumbuka hali ya nchi wakati ule. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Uliofuata, 1971, zikachaguliwa wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwemo, ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka haujaisha. Kwa hesabu za makaratasi, kisiwa chetu kilipaswa kuwa kimemaliza kazi hiyo miaka mitatu kabla sijakabidhiwa ubao. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwenye redio kwa wiki kumi na mbili, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Bibi mzaa baba alikuwa kwenye kikundi kimoja, na aliyoyashika zaidi kuliko yote ni kwamba redio inaweza kumwamuru mwenyekiti wa kijiji kuchimba shimo. Jambo hilo lilimfurahisha kwa miaka.

Kwa hiyo nilipoanza, watu hawakuwa wageni wa kukusanyika na kuelimishwa. Walikuwa wamechoka nako kidogo.

Darasa lilikuwa na majina 23 kwenye daftari na watu 14 kwenye mabenchi. Ubao ulikuwa kipande cha mbao tulichokipaka weusi wa mawe ya betri yaliyosagwa na kuchanganywa na majani mabichi. Chaki zilipokwisha, na zilikwisha upesi, tuliandika kwa muhogo mkavu. Taa ilikuwa kibatari cha mama. Kitabu cha kwanza kilihusu pamba, maana kisomo chetu kiliitwa kisomo chenye manufaa: mkulima asome kwa kupitia zao lake, ajifunze kusoma na kulima kwa mkupuo mmoja.

Tatizo la siku ya kwanza lilikuwa salamu. Nilipoingia, baadhi ya wazee walisimama kama walivyoona watoto wao wakifanya shuleni. Nikabaki mlangoni na muhogo wangu mkononi. Mtoto wa miaka 15 kuamkiwa na watu wa rika la babu yake ni laana, na mwalimu kuwaamkia wanafunzi wake mmoja mmoja ni kipindi kizima kwisha. Bibi ndiye aliyeamua, akiwa benchi la mbele: "Mlangoni utuamkie wewe. Ukishashika ubao, hakuna salamu, sisi tunasikiliza." Tukaenda hivyo miaka miwili. Nilikuwa mtoto hadi hatua ya tatu kutoka mlangoni, kisha nikawa mwalimu.

Kuna mzee mmoja niliyemwogopa. Hakuja kujifunza kusoma. Alikuja kumkamata karani wa pamba. Kwa miaka mingi aliamini kwamba kila msimu anapopeleka pamba yake kwenye kituo cha kununulia, karani anapunguza kilo, naye anasimama pale na macho yake mawili asiweze kusema kitu. Akanipa masharti: anataka tarakimu tu. Tulipokuwa kwenye silabi alifumba macho au alitoka nje kuvuta tumbaku. Tulipofika kwenye hesabu alisogea mpaka mbele, akanikosoa mimi mwenyewe.

Msimu wa kuuza ulipofika akaniomba niandamane naye, lakini nisimame mbali. Magunia yakapandishwa kwenye mizani. Mzee akasogea, akakodoa, akasoma mshale mwenyewe, kisha akamtazama karani. Karani akataja namba ileile. Akaandika stakabadhi, mzee akaishika, akazifuata tarakimu kwa ukucha wa kidole gumba. Zilikuwa zilezile. Usiku tukazidisha kilo kwa bei, tukarudia mara tatu. Hakuna senti iliyopotea.

Nilidhani atafurahi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Miaka yote hii kumbe nilikuwa namsingizia." Wiki mbili hakuja darasani. Wataalamu walituambia kisomo kitaleta manufaa. Manufaa ya kwanza niliyoyaona kwa macho yangu ni mzee kunyang'anywa adui wake.

Alirudi siku moja na stakabadhi imekunjwa ndani ya kofia. Akaifungua, akaweka kidole kwenye neno moja, neno pekee ambalo lilikuwa limeandikwa kwa mkono. "Na hili hapa linasema nini?" Nikamsomea: fifi. Wakulima wa pamba wanajua. Kuna pamba safi na kuna pamba fifi, na bei zake ni mbili tofauti. Pamba ya mzee yule ilichambuliwa na wake zake wawili kwa siku kadhaa, nyeupe kama maziwa. Sikusema kitu, wala sijui hata leo kama karani alidanganya au alikosea au kulikuwa na unyevu uliostahili neno lile. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Adui wake alikuwa amerudi, tena alikuwa amejificha kwenye herufi, mahali ambapo yeye alikuwa amefumba macho kwa hiari yake. Tangu siku hiyo hakutoka nje kuvuta tumbaku wakati wa silabi.

Nimewahi kuisimulia habari hii kwenye semina za walimu na kila mara watu hupiga makofi. Wanadhani ni habari ya ushindi. Mimi huona kwamba mwalimu wa kujitolea alikuwa na kitabu kilichopangwa na wajuzi, kuanzia neno pamba hadi mbolea, na bado neno moja ambalo mkulima alilihitaji lilikuwa kwenye karatasi iliyokunjwa kwenye kofia yake. Sikuwahi kuuliza nani ana karatasi gani nyumbani kwake.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa mwanafunzi wangu bora. Akisimama kusoma hakugugumiza, alipanda na kushuka na sauti kama msomaji wa kanisani. Nilimtaja kwa mwalimu mkuu, nikamtaja kwa mratibu wa elimu ya watu wazima alipopita. Jioni moja nilipita nyuma ya benchi lake akiwa anasoma kwa madaha ukurasa wa 12. Kitabu kilikuwa wazi ukurasa wa 14.

Nilikuwa mtoto, na nilifanya kama mtoto aliyeaibishwa: nilimkaripia mbele ya wenzake. Alifunga kitabu taratibu, akajifunga khanga, akatoka. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama kwa hasira, jinsi nilivyodanganywa miezi mitano, jinsi mtu mzima anavyokariri sura nzima badala ya kujifunza herufi 24.

Mama alikuwa akishona. "Ulimuuliza kama anaona?" alisema.

"Anaona vizuri. Anatambua mtumbwi wa mumewe ukiwa mbali ziwani."

"Mimi nikitaka kutunga uzi kwenye sindano namwita mdogo wako," mama alisema. "Yeye anamwita nani?"

Hiyo ndiyo semina pekee ya ualimu niliyopata kabla ya chuo. Darasa langu lilikuwa na watu 14, zaidi ya nusu wamevuka miaka 40, umri ambao macho ya karibu huanza kuondoka, nami nilikuwa nikiwafundisha maandishi madogo usiku, kwa kibatari kimoja kilichotoa moshi kuliko mwanga. Wengine walishika kitabu kwa mkono ulionyooka kabisa, na mimi nilidhani wanakiogopa. Kesho yake nilikwenda kwa yule mama asubuhi, nikapiga goti, nikamwamkia, nikaomba radhi. Aliitikia marahaba, akaendelea kuanika dagaa. Nikaanika naye mpaka jua likawa kali. Wiki iliyofuata alirudi.

Tukahamisha darasa kutoka usiku kwenda saa kumi alasiri, chini ya mwembe wa shule. Katekista mmoja mzee alitoa miwani yake, ikawa inazunguka kama kata ya maji: mmoja anasoma sentensi, anamvulia mwenzake. Katika miezi miwili watu sita ambao nilikuwa nimeshawakatia tamaa walisoma. Sikuwa nimebadilisha njia ya kufundisha hata kidogo. Nilikuwa nimewasogeza juani.

Hapo ndipo hadithi za kujitolea huwa zinaishia, kwenye mwembe na miwani. Lakini saa kumi alasiri kijijini ina wenyewe. Ni saa ya maji, saa ya kuni, saa ya kutwanga. Wanawake walikuja na muhogo wao, wakamenya huku wakisoma, tukawa tunafuta maganda kwenye vitabu. Maji ya nyumbani kwetu nilipaswa kuyachota mimi, ndoo mbili, na sasa saa yake ilikuwa saa ya darasa. Mama aliyachota. Uzi kwenye chupa ukatulia, mgongo wa mama ukaingia zamu. Hakuna aliyeliandika hilo kwenye ripoti, wala mimi sikuliona mpaka nilipokuwa na watoto wangu.

Kulikuwa na posho. Tuliahidiwa shilingi 30 kwa mwezi, na haikuwa mshahara, tuliambiwa, ni ya kutia moyo. Ilikuja mara moja ya miezi mitatu kwa mkupuo, kisha ikakaa kimya kwa muda mrefu sana. Kilichobaki ni uvumi wake: watu ambao hawakuwa darasani walijua kwamba binti wa fulani anakula hela ya serikali. Nadhani ilikuwa afadhali isingeahidiwa kabisa. Mtu asiyelipwa anaheshimiwa kwa jinsi yake, na anayelipwa naye kwa jinsi yake. Anayeahidiwa asilipwe anabaki na husuda ya watu mfukoni bila senti.

Lakini Jumamosi moja nilikuta mlangoni kwetu kikapu cha muhogo. Iliyofuata, viazi. Wakati mwingine furu waliokaushwa. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyesema ni vya nini. Mama alikuwa akivitazama vikapu, na kwa kusukwa kwake alijua kila kimoja ni cha nani. Vya wajane alivirudisha usiku vikiwa na kitu ndani, chumvi kidogo au kipande cha sabuni, navyo aliviacha mlangoni bila kubisha hodi. Nilipokuwa mtu mzima nilisoma makala nyingi juu ya ushirikishwaji wa jamii, na sijawahi kukuta mahali panapoeleza utaratibu ule vizuri kuliko vikapu vyenyewe.

Agosti 1975 ulikuja mtihani wa taifa. Zaidi ya watu milioni tano nchini walikuwa wameandikishwa kwenye kisomo, na waliofanya mtihani walipimwa kwa hatua nne. Aliyefika ya tatu alihesabiwa anajua kusoma na kuandika. Kwangu wawili walifika ya nne na saba ya tatu. Mzee wa stakabadhi alikuwa mmoja wa wale wawili. Mama wa dagaa alipata hatua ya tatu, na miwani ya katekista ilikuwa usoni mwake. Bibi alibaki hatua ya pili, akasema mwalimu hakuwa mzuri.

Takwimu za nchi zilipendeza. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1986 serikali ilitaja chini ya kumi kwa mia. Nimefundisha maisha yangu yote na sitaki kuichafua kazi ile, maana ilikuwa kubwa kweli na dunia ilikuja kuitazama. Ila kila ninapoziona namba hizo najiuliza ni wangapi ndani yake walikuwa wakisoma ukurasa wa 12. Sensa ya 2012 ilikuta katika kila watu 100 wa miaka 15 na zaidi, zaidi ya 20 hawajui kusoma. Ujinga haukufufuka wenyewe. Madarasa yalikufa, na najua jinsi yalivyokufa kwa sababu langu nililiua mimi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa nchi hii awe shuleni ifikapo Novemba 1977. Shule zilijaa, walimu hawakutosha, wakaanza kutuchukua sisi wa darasa la saba: tulifundisha huku tukisoma kwa masomo ya posta na redio, na baadaye chuo. Tuliitwa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na watu walilisema neno hilo kwa midomo iliyopinda. Mimi sikujali midomo. Mwaka 1976 nilipata barua, nikapata mshahara, nikavuka ziwa. Darasa nilimkabidhi kijana mmoja mpole, nikamwachia daftari la majina, ubao na funguo. Sikumwambia habari ya vikapu, wala ya saa kumi, wala ya miwani. Nilisikia lilifika mpaka masika.

Nilipokuwa bara nilikuja kujua kwamba katika miaka ileile ambayo sisi tulikuwa tukihangaika na pa na mba, Kagunguli, kisiwani kwetu, alikuwa anaishi Aniceti Kitereza, mzee aliyeandika riwaya nzima ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka 1980, mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 kulinda mswada! Sijui kulinda huko tunakuitaje, maana hatujazoea kusema mtu amejitolea pale ambapo hakuna kamati.

Nilistaafu mwishoni mwa 2018. Septemba 20 mwaka huo, nikiwa bado nafundisha Sengerema, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, kikitokea Bugolora siku ya gulio, na watu zaidi ya 200 walikufa. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na wakazi wenyewe kwa mitumbwi. Ndugu yangu mmoja mvuvi alikuwa na petroli ya kwenda kuvua usiku ule. Aliimaliza kuzunguka majini, akanunua nyingine kwa mkopo, siku tatu. Nilipokwenda kumpa pole baadaye alizungumza juu ya maiti, juu ya watoto, hakuitaja petroli hata mara moja. Mkewe ndiye aliyenisindikiza njiani akanieleza kwamba waliuza mbuzi wawili kulipa deni lile, tena hakunieleza kwa kulalamika. Ilikuwa namna ya kujibu swali langu kwamba zizi mbona tupu.

Nimelifikiria zizi lile sana. Kiswahili kina maarifa yake: kujitolea si kutoa tu, ni kujitoa kwa ajili ya kitu. Lakini mara nyingi nafsi inayotajwa ni moja na nafsi zinazotolewa ni kadhaa. Mimi nilifundisha, mama akachota maji. Ndugu yangu aliokoa, wifi akauza mbuzi. Ningekuwa na uwezo, kila anayepewa cheti cha kujitolea ningemuuliza kwanza, nyumbani ni nani aliyebaki na zamu yako?

Niliporudi kijijini nilikuta neno lenyewe limepata kazi mpya. Kuna kujitolea kwa ujenzi wa madarasa, ambako asiyefika anatembelewa na mgambo. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 michango ya lazima mashuleni imekatazwa, kwa hiyo sasa michango ni ya hiari, na hiari ya kijijini tunaijua. Halafu kuna walimu wa kujitolea. Hawa sikuwazoea. Ni vijana waliomaliza vyuo, wengine wana shahada, ajira hazijawafikia, wanaingia madarasani mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakitumaini kwamba siku majina yakitoka kujitolea kwao kutahesabiwa. Wazazi wanachanga kinachopatikana. Siwezi kuwaweka fungu moja na yule binti wa kibatari. Mimi nilikuwa na chakula cha baba, na sikuwa nimesoma miaka 16, ya mwisho kwa mkopo. Kijana wa namna hii amekaa kwenye foleni, na foleni tumeipa jina zuri.

Kwenye shule yetu alikuwepo mmoja wa hisabati. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na mara ya kwanza nilimwona akirudi kutoka darasani saa nane mchana, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, viatu vimeshonwa kwa uzi wa nyavu. "Shikamoo Madam," aliniamkia. Nikamuuliza amekula nini. Akacheka, akasema atakula jioni.

Kwenye kikao nilipendekeza tufungue daftari. Siku aliyofundisha, vipindi vingapi, na upande wa pili, alichopokea: fedha, unga, chochote. Mwenyekiti alikuna kichwa. "Mama, ukiandika unatengeneza deni."

"Ndiyo sababu naandika," nikamjibu.

Hawakupenda, lakini hawakuweza kumkatalia mwalimu mstaafu aliyewafundisha wawili kati yao. Daftari likawa kazi yangu. Kila Ijumaa nilipita shuleni nikajaza, na upande wa kulia ulibaki mweupe kuliko ilivyopendeza. Baada ya muhula mmoja lilisomwa mbele ya mkutano wa wazazi. Nilisoma polepole, siku na vipindi, kisha nikasoma upande wa kulia, ambao haukuchukua muda. Hakuna aliyesema neno. Jumamosi iliyofuata kijana alikuta ndoo ya unga mlangoni kwake. Alinijia mbio kuuliza ni ya nani airudishe. Nikamwambia atazame mfuniko, ataijua nyumba, na akiwa na sabuni aweke kipande atakaporudisha ndoo tupu.

Katikati ya 2024 alikuja na habari kwamba kuna nafasi zimetangazwa, anahitaji barua ya kuthibitisha siku alizojitolea. Tulikaa barazani kwangu, mimi na daftari, yeye na shajara ndogo yenye jalada la plastiki. Kumbe naye alikuwa akihesabu. Nilijumlisha mara mbili, miwani puani, nikapata siku 409. Yeye alikuwa na 412.

Tukatafuta zile tatu. Zilikuwa Machi, Jumanne hadi Alhamisi, na kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika hayupo.

"Nilikuwa na malaria," alisema. "Lakini nilikuja, Madam. Kila siku nilifika mpaka pale kwenye mwembe, nikakaa, nikashindwa kusimama, nikarudi. Watoto waliniletea madaftari pale nikasahihisha."

Nilimtazama. Kisha nikavua miwani, nikaifuta kwa khanga, nikaandika 412.